Kamba Niliyoiacha Vuhimba

Mliniona nikiondoka na mbuzi, mkaniona nikirudi mikono mitupu. Kwa kuwa ninyi ni watu wa adabu, hakuna aliyeniuliza mbele ya kanisa. Mmekuja mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake: huyu anaazima kinu, yule analeta sombe, majani ya muhogo, ambayo sikuomba. Mama mmoja wa kwaya, ambaye wazee wake nao ni wa milimani, aliitazama mikono yangu, akaona haina kamba, akanishika bega na kwenda zake. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Naandika mara moja, msome wote, kisha mniache nipumzike.

Kwa wale waliozaliwa mjini nieleze kwanza. Kwetu, kwenye mteremko wa Ruwenzori juu ya Mutwanga, shamba lina mkulima na lina mwenye kilima. Mkulima humpelekea mwenye kilima mbuzi ili ajulikane. Mbuzi akipokelewa, kamba yake inafunguliwa na kurudishiwa aliyemleta. Ukirudi na kamba, una kwenu. Ukirudi bila kamba, watu wanaelewa kwamba umekataliwa.

Baba yangu, Paluku, amezikwa ndani ya shamba lake kwenye kilima cha Vuhimba. Tulikimbia kule nikiwa msichana, tukaja Butembo, na baadaye kaka yangu ndiye aliyekuwa akipeleka mbuzi kila njia ilipofunguka. Kaka amefariki. Mume wangu naye amefariki, na watoto hatukujaliwa. Mwaka huu mama mmoja anayeteremsha kahawa aliniletea ujumbe sokoni: kama hakuna mtu wa nyumba ya Paluku atakayekuja kabla ya msimu wa maharage, shamba litapewa wengine. Kaburi la baba lingekuwa katika shamba la watu, na mimi, ambaye siku zote nimetaka kulazwa kando yake, nisingekuwa na mahali pa kupelekwa. Ndiyo sababu niliondoka.

Kutoka Butembo hadi Beni

Nilipata nafasi kwenye pikapu iliyobeba kabichi na vitunguu vya Kayna. Mwenye mizigo, mama mnene aliyevaa makoti mawili kwa baridi ya asubuhi, alikaa juu ya magunia kama yuko sebuleni kwake. Mimi na mbuzi tulikaa miguuni pake. Kabla hatujafika Maboya mbuzi alikuwa ametoboa gunia na anatafuna.

"Mama, mbuzi yako inakula faida yangu," akasema, lakini alikuwa anacheka. "Unaipeleka ku ndoa?"

"Hapana. Naipeleka kwetu."

"Kwenu njo fasi gani?"

"Vuhimba, juu ya Mutwanga."

"Vuhimba," akarudia polepole. "Iko mu groupement gani?"

Nalijua jiwe alilokaa baba akinoa jembe. Najua upande ambao moshi wa jiko letu ulikuwa ukielekea jioni. Lakini ni chefu gani anayetawala pale leo, sikujua. Niliona kwamba mtu asiyeweza kutaja groupement yake, yaani eneo la chefu wake, anafanana na mtu anayedanganya, na yule mama naye alifikiri hivyo hivyo, kwa sababu aliacha kuniuliza.

Mbele ya Kabasha lori lilikuwa limezama kwenye matope na kuziba njia. Tulishuka. Watu wa magari yote wakajuana, wakagawana viazi vya kuchemsha, wakasimuliana habari za wakwe zao. Mama wa Kayna alinilisha vizuri, sina la kumlaumu. Njia ilipofunguka kila mtu alirukia gari lake bila kuaga. Safari zetu ziko hivyo, unamjua mtu mpaka ugonjwa wa mkwewe, kisha humwoni tena maishani.

Tulipoteremka Beni joto lilinivua koti. Mbuzi, ambaye ni mzaliwa wa baridi kama mimi, alitoa ulimi nje.

Beni, kwa Kasereka

Mwanamke hashiki kamba. Msiniulize kwa nini. Mimi ndiye niliyemkatia mbuzi yule majani, nikamwingiza jikoni mvua iliponyesha, nikamkanda tumbo alipovimbiwa. Lakini mbele ya mwenye kilima kamba inashikwa na mwanamume wa ukoo. Katika ukoo wetu mwanamume niliyebaki naye ni Kasereka, mtoto wa baba mdogo, anayeishi Beni. Nilikuwa nimemtumia habari, naye alijibu, "Kuya tu, Yaya," yaani njoo tu, dada. Mimi nikaelewa kwamba amekubali.

Alinipokea vizuri sana. Mke wake alisonga fufu, akapika makayabo, samaki wa chumvi, kwa mawese, akaniwekea maji ya kuoga. Kasereka alimsifu mbuzi. Nilipomwuliza tutaondoka lini, alisema tupumzike kwanza. Kesho yake alisema tupumzike tena. Nikamwona akiosha buti zake na kuzianika uani, moyo ukatulia: mtu anayeosha buti anajiandaa kupanda mlima.

Buti zilipokauka alizivaa, akachukua panga, akaenda kwenye shamba lake nyuma ya mji. Mke wake aliketi karibu nami, akaanza kuchambua sombe ambayo ilikuwa imekwisha kuchambuliwa.

"Yaya," akasema, "anaogopa kukuambia. Yee hapana kwenda."

"Alisema nikuje."

"Alisema ukuye umuone. Mutoto wetu mukubwa alipoteaka ku ile barabara. Alitoka na mizigo, hatukuona ata kiatu yake. Tangu siku ile Kasereka hapana pita daraja ya Semuliki."

Sikujua habari za mtoto yule. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuwa nimeuliza. Kasereka aliporudi hakunitazama usoni. Tulikula. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Yaya, nitakutafutia motari wa kweli. Ile naweza." Nikamshukuru, nikatoka uani kumtazama mbuzi, kwa sababu sikutaka aone nikilia.

Daraja la Semuliki

Motari, yaani dereva wa pikipiki, aliyenitafutia aliitwa Muhindo, mwanamume wa makamo mwenye mvi kwenye ndevu na kofia ngumu ambayo hakuivua hata akinywa chai. Alikuwa mtu wa Eringeti. Kule alikuwa na kakao, kisha akakimbia vita kama wengi walivyokimbia, akabaki na pikipiki. Hayo niliyapata kwa Kasereka, maana Muhindo mwenyewe hakuwa na maneno.

"Papa Muhindo, unajua barabara?" nikamwuliza.

"Barabara najua, Mama. Njo yenyewe hainijue."

Tulimtia mbuzi ndani ya gunia, kichwa nje, tukamweka katikati yetu. Kisha tukangoja pamoja na pikipiki na malori mengine mpaka wanajeshi wa kusindikiza msafara waseme twende. Kungoja kule kunachosha kuliko kusafiri. Muhindo alikata majani kando ya barabara akamlisha mbuzi, akachagua yasiyo na umande. Nikaona kwamba huyu amewahi kufuga.

Msafara ulipoondoka ulikwenda kwa vumbi na honi, halafu ukasimama kwenye bariera, kizuizi cha wanajeshi, karibu na daraja. Joto la Semuliki linakaa kichwani kama mzigo. Mwanajeshi mmoja kijana alikuja akamshika mbuzi sikio.

"Mama, okei wapi na ntaba oyo?"

Alikuwa anauliza naenda wapi na mbuzi huyo; Muhindo akamjibu kwa Lingala kwamba mbuzi ni wa mwami, mkubwa wa kilima.

"Mwami akolia ntaba, biso tokolia nini?" Mwami atakula mbuzi, wao watakula nini? Wenzake wakacheka. Swali lilikuwa la haki, nami nikampa mikate niliyofungiwa na mke wa Kasereka. Aliila palepale, akiwa amesimama, kama mtoto aliyetoka shule.

Muhindo alifanya ishara ya msalaba tulipoingia darajani. Nikamwambia sisi Waprotestanti tunaomba macho wazi ili tuone shimo. Hakucheka, ila mgongo wake ulitikisika kidogo. Mimi nilikuwa namfikiria mtoto wa Kasereka, na nilitazama vichaka vyote mpaka Bulongo.

Mutwanga, kwa chefu wa chini

Kuanzia Lume mlima ungepaswa kuonekana, lakini mawingu yalikuwa yameufunika wote. Unajua tu kwamba upo kwa sababu mito ni baridi.

Baba alikuwa akisema kwamba amehamishwa mara nne bila kubeba hata mkeka. Alipozaliwa, Vuhimba ilikuwa na mkubwa wake na haikumtii mtu mwingine. Wabelgiji wakaja, wakakusanya vilima ambavyo havikuwa hata vinaamkiana, wakaviwekea chefu mmoja mwenye medali na ofisi chini bondeni. Nyuma ya mlima ilikuwa Uganda, kwa hiyo shangazi yake aliyeolewa upande wa pili akawa mgeni akiwa jikoni mwake. Halafu pori la juu likawa pari, hifadhi ya wanyama, na mizinga ya babu ikabaki upande uliokatazwa. Baada ya uhuru wakaja wengine na karatasi zao, wakagawa groupement, wakaziunganisha, wakazigawa tena. Kilima chenyewe hakikusogea hata kidogo. Tulipokuwa watoto tulicheka sana kwa habari hizo.

Basi nilikwenda kwa chefu wa bondeni, kwa sababu ndiye baba alikuwa akimtaja. Alikuwa mzee mchangamfu mwenye nyumba ya mabati na maua ya kopo barazani. Alifurahi kusikia jina la Paluku. Muhindo alimfunga mbuzi kwenye nguzo, tukaletewa ndizi za kupikwa na maharage. Nilikula kwa amani. Nilifikiri safari imekwisha, na kwamba nitamwomba Kasereka aje baadaye kushika kamba, hata kwa mwaka mwingine, kwa kuwa chefu mwema hivi angengoja.

"Shamba iko karibu na mugezi gani?" chefu akauliza.

"Kalere," nikautaja mto wetu.

"Upande jua inatokea, ao kwenye inashukia?"

"Inatokea."

Akaacha kula. Alinawa mikono bila haraka, akaenda kwenye nguzo, akamfungua mbuzi mwenyewe, akamletea Muhindo.

"Mama, mbuzi hii haiko yangu. Ule upande balisha kuutosha kwetu. Sasa iko ya bale ba ng'ambo. Karatasi ilitoka mbali, sisi tulisikiaka tu ku radio."

"Lakini baba yangu alikuwa mtu wenu."

"Alikuwa wetu kabisa. Tulimulia siku alikufa." Alitazama mbuzi kwa masikitiko ya kweli, maana alikuwa amenona. "Ningenyamaza, ningekula. Lakini ungerudi Butembo na kamba ya uongo."

Nilimshukuru, *wasingya*, na nilimaanisha. Kisha nikatoka barazani kwake. Nilikuwa nimefika kwetu na nimeelekezwa kama mtalii. Sijawahi kujiona mpweke namna ile, hata siku niliyomzika mume wangu, kwa sababu siku ile angalau nilijua mahali nilipo.

Kupanda Vuhimba

Pikipiki ilibaki bondeni. Kazi ya Muhindo ilikuwa imekwisha, na nilimwambia hivyo. Akanitazama, akamtazama mbuzi, akautazama mlima.

"Mama, siwezi kukuacha na mbuzi ku mulima. Bataniuliza ku Beni."

Tulipanda kwa miguu, kwanza katika migomba, halafu katika kahawa, halafu mahali ambapo pumzi inaonekana. Kwenye Kalere mbuzi aligoma. Muhindo alimbeba mabegani, akavuka maji yakiwa magotini, kofia yake ngumu kichwani. Katikati ya mto mawingu yalifunguka nikaiona barafu kule juu. Nilimwita atazame. Akasema atatazama akifika ng'ambo. Alipofika, mawingu yalikuwa yamefunga tena.

Mwenye kilima, mtu wa ule upande wa ng'ambo, hakuwa mzee. Ni mdogo kwangu, amevaa buti za mpira na kofia ya sufu, na tulimkuta akichonga mpini wa jembe. Hakuacha kuchonga tuliposalimia. Alimfahamu kaka yangu, akasema pole. Kisha akauliza neno nililoliogopa tangu Beni.

"Nani atashika kamba?"

"Mimi," nikasema.

Hakunitukana. Aliendelea na mpini wake. "Ile haiwezekane, Mama. Uko na mwanaume wa ukoo?"

"Yuko Beni. Hawezi kuja."

"Basi rudi na mbuzi yako. Nenda naye vizuri, njia inateleza."

Niliinama kuchukua kifurushi changu. Sikuwa na lingine la kufanya. Hapo Muhindo akakohoa.

"Mi niko Muhira," akasema. Huo ndio ukoo wetu. Hakuwa ameniambia, na mimi sikuwa nimewahi kumwuliza, siku zote zile nikimtazama mgongo. "Babu yangu alitokaka ku hizi milima mbele ya kwenda Eringeti."

Mwenye kilima aliweka mpini chini kwa mara ya kwanza. Alimwuliza majina ya babu zake, na Muhindo akayataja, moja baada ya lingine, mpaka jina ambalo yule bwana alilifahamu. Watu wa nyumba za jirani wakaitwa. Muhindo alishika kamba, mwenye kilima akampokea mbuzi, akafungua kamba shingoni mwake na kuirudisha mkononi mwa Muhindo. Mimi nilisimama pembeni na kupiga makofi pamoja na wanawake. Nilikuwa na furaha kubwa, kwa muda mfupi.

"Sikia sasa," mwenye kilima akasema. "Zamani kaka yako alikuwa analeta mbuzi, jirani njo alikuwa analima. Ile ilikwisha. Batu benye kukimbia banakuwa mingi, shamba ya kulala hatuna tena. Mwenye kushika kamba njo mwenye kupanda. Mvua ikianza na jembe yake haiko mu udongo, shamba inarudi."

Sikulijua hilo. Muhindo hakulijua. Tulikwenda tukaketi kando ya kaburi la baba, ambalo lilikuwa limezama upande mmoja. Mwisho yeye akasema, "Mama, mi nilikuya kukuleta tu."

"Najua, Papa Muhindo."

Nilikuwa nimekwisha kumsamehe. Nilikuwa nafikiria namna ya kuaga kaburi, maneno gani ya kusema. Nilipoinua macho Muhindo alikuwa amesimama chini yangu kwenye mteremko, anavuta magugu, kofia ngumu bado kichwani.

"Bale walilima vibaya hapa," akasema bila kunitazama. "Bamefata mutelemuko. Udongo yote inashuka ku mugezi." Akavuta tena. Alikwenda hivyo mpaka mwisho wa tuta, akarudi na tuta la pili, akivuta na kunung'unika, na sijamsikia akisema maneno mengi kama yale toka nimjue. Alikuwa akiligombeza shamba la baba yangu kama mtu anavyomgombeza mtoto wake.

Nikaelewa kwamba hatarudi Beni kukaa. Nilifurahi, na papo hapo nikaona wivu, niseme ukweli. Mimi nilikuja kutafuta kwetu, na kwetu palimpokea yeye. Mikono yangu haikuwa na la kufanya. Niliokota mawe, nikanyanyua ule upande wa kaburi uliozama.

Asubuhi, tukiwa tayari kuteremka, alinipa kamba.

"Yaya, kamba yako."

Aliniita Yaya. Tangu Beni alikuwa akiniita Mama, kama motari anavyomwita abiria yeyote. Niliishika ile kamba, bado ina harufu ya mbuzi wangu, nikamrudishia.

"Weka weye," nikamwambia. "Mwenye kubaki njo anaweka kamba."

Aliitazama sana. Halafu akaenda kuifunga kwenye nguzo ya kibanda ambacho angelala, juu, mahali mvua haifiki.

Kurudi

Alinifikisha Lume, akanipandisha kwenye lori la ndizi, akageuka. Hakupunga mkono. Ni mtu wa namna hiyo.

Kwenye bariera alikuwepo mwanajeshi yule yule wa mikate, ila hakunikumbuka. Akauliza, "Mama, otoki wapi?"

"Kwetu," nikasema.

Akapiga miayo, akatupitisha.

Beni nililala tena kwa Kasereka. Aliitazama mikono yangu kama mlivyoitazama ninyi, akauliza polepole, "Kamba?"

"Iko na ndugu yetu."

"Ndugu gani?"

"Muhindo. Ule ulinitafutia."

Aliinamisha kichwa, na chakula kilichobaki hakukigusa. Sikumsema kwa lolote. Asubuhi alinisindikiza mpaka nje ya mji, akinibebea kifurushi chepesi ambacho ningeweza kukibeba kwa kidole.

Sasa niko hapa. Kigingi cha mbuzi bado kiko nyuma ya nyumba. Mara mbili nimeamka na kwenda kukata majani, nikajikuta nimeyashika hakuna wa kumpa. Nyumba ina ukimya ambao sikuusikia nilipokuwa namgombeza mbuzi kutwa nzima. Kule Vuhimba simu haishiki, kwa hiyo sijui kama mvua imeanza, wala kama jembe limeingia udongoni. Naamini limeingia.

Basi msinihurumie kwa ajili ya kamba. Lakini naomba mlikumbuke jambo moja, ninyi ambao mtakuwa hapa siku yangu itakapofika. Wazee wa kanisa watauliza kwetu ni wapi na nani apewe habari, na mtaanza kutafutana macho. Msihangaike na ofisi, maana huenda kilima kimehamishwa tena. Tumeni mtu Mutwanga, avuke Kalere, apande upande jua linakotokea, aulize nyumba yenye kamba juu ya nguzo. Amwambie mwenye kamba kwamba dada yake anakuja.